Baba Yangu na Mfalme wa Jukwaani

Mwanangu, kuna alasiri moja ambayo haijawahi kunitoka akilini. Nilikuwa kidato cha tatu, katika shule ya wasichana kule Boito, na mvua ilipiga mabati hata mwalimu wetu wa Kiingereza, Bwana Koech, akalazimika kungoja ipungue ndipo aseme. Ilipopungua, alitusimulia mchezo tutakaouigiza kwa Kiingereza kwenye mashindano. Ulikuwa mchezo wa zamani, wa huko Uingereza. Mfalme mzee anawagawia binti zake wawili nchi yote, na yule wa tatu, aliyempenda kweli, anamfukuza. Wale wawili wanamfungia mlango siku ya radi na mvua, na mzee anarukwa na akili. Binti aliyefukuzwa ndiye anayerudi kumtafuta.

Mimi nikapewa huyo binti. Mfalme akawa Chelangat, msichana mrefu wa Sotik mwenye sauti nzito.

Tulipofika mahali mfalme anapopoteza akili, Chelangat alitoa ulimi, akageuza macho, akarukaruka kama kuku aliyemwagiwa maji. Darasa zima likaangua kicheko. Hata mwalimu alitabasamu. Mimi sikucheka.

Sababu ni hii. Baba yangu alikuwa nyapara katika shamba la chai. Yeye na mama walitoka upande wa ziwa kuja kutafuta kazi huku kabla sijazaliwa. Mama alipofariki, akili ya baba ilianza kupotea polepole. Kwanza usingizi uliisha. Halafu kazi ikaisha. Lakini kila asubuhi alivaa viatu vyake vya gumbuti na koti lake la mvua, akasimama mbele ya mistari ya chai isiyo na mtu, akaita majina ya wachumaji, hata wale waliokwisha kufa, akangoja waitike. Vijana wa kambi yetu ya wafanyakazi walijificha nyuma ya majani wakamwitikia kwa sauti za paka na mbuzi. Na baba, mwanangu, aliwashukuru kwa kufika mapema.

Jioni ile nilipita kwa Kogo Tabutany. Kogo ni nyanya kwa lugha ya Kipsigis, na ingawa hakuwa wa damu yetu, ndiye aliyetuletea maziwa tangu mama atutoke. Nilimwambia nimeamua kuacha mchezo.

"Kwa nini?" akauliza.

"Wanamcheka mtu mgonjwa, Kogo."

Aliweka kibuyu chini. "Sasa wewe ukitoka, nani anabaki hapo? Si ni hao wanacheka? Wewe ndiyo unajua hii ugonjwa inakaa aje. Rudi uwaambie. Ukinyamaza, basi usikuje kunililia hapa."

Nilidhani angenibembeleza. Badala yake alinikemea vile, kisha akanimiminia mursik, maziwa yao ya mgando, kikombe kizima, nikainywa huku machozi yakiingia kikombeni.

Kesho yake, kabla ya mazoezi, nilisimama mbele ya wenzangu nikawaambia habari za baba. Chelangat hakusema pole. Alisema, "Nipeleke nimwone."

Jumamosi nikampeleka. Tulimkuta baba amesimama kwenye chai, akiita majina. Alimtazama Chelangat kwa ukali.

"Umechelewa!"

Nilitaka kumweleza kwamba huyu si mchumaji, ni mwanafunzi mwenzangu. Chelangat akanitangulia. "Nisamehe, nyapara."

"Chukua mstari huo. Majani mawili na kichipukizi. Usinichumie majani magumu."

Msichana yule akaingia kwenye mstari akaanza kuchuma, akiyatia majani ndani ya sketi aliyoikunja. Kwao walikuwa na chai, mikono yake ilijua kazi. Baba alitembea kando yake akimsifu. Punde mvua ikaanza, ile mvua yetu ya mchana isiyobisha hodi. Baba akavua koti lake, akamfunika Chelangat mabegani, na yeye akabaki na shati, maji yakimtiririka usoni.

"Mchumaji akilowa anaugua," akasema.

Chelangat alinigeukia. "Kumbe yuko," akaninong'oneza. "Kumbe mtu mwenyewe bado yuko ndani."

Tangu siku hiyo hakutoa ulimi tena. Mfalme wake alisimama kwenye radi akiwaita watu ambao hawakuwepo, akasikiliza kama wataitika, kisha akavua joho lake akamfunika mtumishi wake aliyekuwa anatetemeka. Mara ya kwanza alipofanya hivyo mazoezini, hakuna aliyecheka. Mwalimu Koech alitoka nje, akakaa huko kidogo.

Mashindano yalifanyika Sotik, katika ukumbi wa shule moja kubwa. Kogo Tabutany alikuja, na alimleta baba, amemnyoa ndevu na kumvalisha shati safi. Mlangoni mlinzi aliwazuia.

"Wewe mama ingia. Huyu hapana. Ataleta fujo."

Tulikuwa tumejipanga kando ya mlango, tukasikia kila neno. Kogo hakupandisha sauti. "Huyu ni baba ya msichana ataimba... ataigiza hapo mbele. Mimi na yeye ni kitu moja. Kama ni nje, tunakaa nje wote wawili hapa mlangoni, na kila mtu akipita nitamwambia ni kwa nini."

Mlinzi alimtazama yule kikongwe, akatazama foleni ya wageni nyuma yake. Akafungua mlango.

Mchezo ukaenda vizuri. Tukafika pale mfalme anapoamka usingizini, binti yake amepiga magoti kando ya kitanda, naye hamtambui. Chelangat alinitazama kwa macho matupu, akauliza mimi ni nani.

Ndipo baba akasimama kwenye benchi lake.

"Huyo ni Akinyi!" akasema kwa sauti ya nyapara. "Akinyi, nyathina! Mtoto wangu huyo!"

Mwanangu, baba hakuwa ameniita kwa jina langu tangu tumzike mama. Nyuma mtu alianza kucheka, akanyamazishwa. Chelangat akainuka kitandani na taji lake la kadibodi, akamgeukia baba, akainama mbele yake kama mfalme anavyomwinamia mfalme mwenzake. Akasema kwa Kiswahili, "Asante, mzee. Sasa namjua."

Ukumbi ulisimama wote. Walipiga makofi, wakapiga vigelegele, na yule mlinzi alikuwa mlangoni akipiga kuliko wote. Majaji walitukata alama kwa kuchanganya lugha, na bado tulichukua nafasi ya kwanza.

Mchezo wenyewe, kama ulivyoandikwa, unaishia kwa maiti. Binti anakufa, mzee anakufa. Sisi hatukuishia hapo. Habari zilifika kambini kabla yetu, na asubuhi iliyofuata baba alipoita majina, sauti za paka hazikusikika. Kijana mmoja alijitokeza kutoka kwenye majani, akavua kofia, akasema, "Niko, nyapara." Huyo huyo ndiye aliyenisaidia kumpeleka baba hospitali ya Kericho kuonana na daktari wa akili. Dawa zilichukua muda. Kuna miezi alirudi nyuma, tukaanza upya. Lakini alipona vya kutosha kufuga ng'ombe wa Kogo, kupima maziwa bila kukosea, na kunishika mkono siku ya harusi yangu hadi mbele kanisani, amenyooka kama mti, akimsalimia kila mtu kwa jina lake. Na kila aliyeitwa aliitika!

Basi nisikilize. Ukimwona mtu akili imemtoka, usimfanye kichekesho na usimfungie chumbani kama aibu. Mwite kwa jina lake. Usishindane naye kwa maneno. Kaa naye, kisha mpeleke hospitali, na akirudi nyuma mpeleke tena. Na watu wakimcheka ukiwepo, usiondoke. Baki hapo useme.

Mungu akupe kifua cha kubeba wenzako, na siku ukichoka wewe, akuletee mtu wa kukubeba. Uwe na amani, mwanangu, wewe na utakaowazaa.