Felistus na Sauti Kutoka Tororo

Ukitaka kulia nyumbani kwako, unalilia wapi?

Usijibu haraka. Chumbani? Felistus hulala chumba kimoja na watoto wake wote. Chooni? Choo ni cha boma zima, na anayekaa humo muda mrefu huulizwa kama anaharisha. Shambani? Shamba limepakana na njia ya kisimani. Mwanamke mzima, mwenye watoto na akili zake timamu, anaishi karibu na Masafu, mashariki mwa Uganda, katika boma lililojaa watu, na hana hata pembe ndogo ya kudondoshea machozi. Halafu tunashangaa anapougua.

Ninamwandika kwa ruhusa yake. Alinikataza jambo moja tu: nisimwite mwendawazimu. "Andika mi nauza dagaa," aliniambia.

Basi Felistus anauza dagaa. Kwa miaka mingi alizifuata ziwani, kwa wavuvi wa Majanji, akazianika, akazipeleka Busia, mji wa mpakani, na siku biashara ikichangamka alivuka upande wa Kenya, ambako huitwa omena. Alijulikana kwa mdomo wake. Mteja akilalamika kuwa dagaa zina mchanga, humjibu, "Huo mchanga sijauweka kwa bei, nimekupa bure."

Siku moja, katikati ya kupatana bei, moyo ulianza kumwenda mbio. Mikono ikafa ganzi, pumzi ikakatika, akajua anakufa. Akaziacha dagaa mezani, akarudi nyumbani. Wiki iliyofuata alipofika barabarani tu, mambo yakawa yale yale. Akaacha kwenda. Baadaye akaacha kusuka nywele, akaacha kwenda kanisani, akaacha kula na wenzake. Watu wakasema ni presha. Ilipopimwa, haikuwepo. Wakasema ni mapepo, akaombewa hadi magoti yakachubuka. Mwishowe muuguzi mmoja, Maurine, alimuuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza: "Unalala?" Felistus akaangua kilio pale pale mbele ya foleni.

Maurine ndiye aliyetupa namba yake ya simu. Tuna ofisi ndogo Tororo. Mtu hupewa kijitabu chenye picha na mafunzo ya kusikiliza kwenye simu, na mara moja kwa wiki hupigiwa na mwelekezi. Kazi ya kujisaidia anaifanya mwenyewe, nyumbani kwake. Mwelekezi humuuliza amejaribu nini, kimemshinda nini, kesho atajaribu nini. Mimi nilikuwa mwelekezi wa Felistus. Si daktari. Nilisomea ustawi wa jamii chuoni, nikatoka nikiamini, na bado naamini, kwamba muuza dagaa wa Masafu ana haki ya kutulizwa moyo kama tajiri wa Kampala anayelipa ili asikilizwe kwa saa moja.

Lengo alilichagua mwenyewe: kurudi sokoni Busia. Tukaligawa vipande vipande. Auzie majirani kwanza. Kisha afike barabarani, asimame hapo hadi woga upungue. Kisha apande bodaboda. Busia ingekuja mwisho.

Tatizo likawa mtandao. Bomani kwao simu hushika vizuri mahali pamoja tu, mbele ya nyumba ya baba mkwe, Mzee Osborn. Na kwa Wasamia, kabila lao, mke wa mwana hasogelei anapoketi baba mkwe. Humsalimu kwa mbali, amepiga magoti. Hampi mkono, hali naye. Sasa aende akasimame barazani pake, aeleze jinsi kifua kinavyombana? Felistus akatafuta kwingine, akapata: juu ya kichuguu kikubwa, kando ya njia. Kila Jumanne alasiri alikipanda, simu sikioni.

Na tuliongea Kiswahili. Mimi ni wa kabila la Jopadhola, Kisamia sikijui, na yeye lugha yangu haijui. Kwetu Kiswahili ni cha soko na mpaka, cha wanajeshi na madereva wa trela. Alinieleza huzuni yake kwa maneno ya kupatania bei. "Mwalimu, leo moyo imepunguza kidogo," alisema siku aliyosimama barabarani bila kukimbia. Nilishangilia ofisini hadi wenzangu wakageuka.

Lakini wapita njia waliona nini? Walimwona mke wa Rasto, ambaye mumewe anajengea watu nyumba huko Eldoret, yuko juu ya kichuguu, mara analia, mara anacheka, na anaongea Kiswahili na mwanaume kwenye simu. Nani angehitaji kuuliza? Huyo ni dereva wa trela wa Malaba.

Jumanne moja nilipopiga, ikapokea sauti nyingine. Alikuwa mama mkwe wake, Mama Rasto.

"Wewe nani?"

"Habari, mama. Naomba kuongea na Felistus."

"Ndiyo wewe ile dereva!"

"Hapana, mama, mimi—"

"Gari yako nakwenda wapi? Kongo? Kwenda na gari yako, acha bibi ya mtoto yangu!"

"Mama, sina hata baiskeli. Niko ofisini Tororo. Namsaidia na ugonjwa wake."

"Dawa ya simu? Anameza namna gani?" Mtu akacheka nyuma yake. "Kama wewe nasema kweli, kuja hapa tuone uso yako."

Kanuni zetu haziruhusu kuonana na tunaowaelekeza. Msimamizi wangu, Hajarah, alifikiri, akasema, "Nenda. Wakimnyang'anya hiyo simu, Busia ataisikia kwa watu tu."

Nilifika Alhamisi. Mzee Osborn alikaa ndani, mlango wazi, ili asikie bila kuketi pamoja na mkwewe. Mama Rasto alikuwa kwenye mkeka nje. Felistus alipiga magoti mbali kidogo. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona, mwembamba, mdogo kuliko sauti yake. Rasto naye alikuwepo kwa simu, mama yake ameishika juu, spika wazi.

Nilitoa kijitabu nikaeleza. Mama Rasto akaitazama picha ya mwanamke aliyejiinamia. "Huyu hana kazi?" akauliza.

"Bro," Rasto akaingilia, "wewe umeoa?"

"Bado."

"Ndo maana uko na time ya kusikiliza mabibi za watu."

Wakacheka. Nikachemka. Nikasema mgonjwa wa malaria haulizwi anaongea na nani, na huyu anajitibu kwa jasho lake mwenyewe, nao wanamfanyia upelelezi kama polisi! Ndani, mzee akakohoa, akatamka maneno machache ya Kisamia.

"Anasema, wewe kijana, sauti chini," Mama Rasto akatafsiri.

Uamuzi ukatoka kabla ya mvua. Simu ziendelee, ila Mama Rasto akae karibu na spika iwe wazi. Busia asiende hadi Rasto arudi Krismasi. "Huko ndiyo gari ziko," mama mkwe akasema, na hoja ikafungwa, Rasto akakata simu.

Felistus akashukuru, uso chini. Halafu akanigeukia, akaongea kwa Kiswahili cha upande wa Kenya, upesi ili mama mkwe asikishike: "Umejionea, mwalimu? Sasa hata pumzi yangu imewekewa askari."

"Anasema nini?" Mama Rasto akauliza.

"Anasema asante," nikajibu.

Mvua ikanilaza senta, pale penye maduka ya kando ya barabara. Asubuhi nilisimama kwenye kibaraza cha duka nikingoja gari la Tororo, na ng'ambo ya barabara, kwenye stendi ya bodaboda, akatokea Felistus na beseni la dagaa kichwani. Aliniona. Sikumpungia mkono, wala yeye hakunisalimu. Mbele ya macho yote yale, mkono mmoja ungeinuka, ungetosha kuwa ushahidi.

"Mama, Busia?" dereva wa boda, Paddy, akamwita.

Akapanda, beseni mapajani. Pikipiki iliponguruma, akashuka. Akasimama ameshika tumbo, akivuta pumzi polepole kama mafunzo yanavyosema. Wanaume wa stendi wakamtazama. "Mama, unapanda ama unaombea pikipiki?" mmoja akamtania. Akapanda tena.

Ndipo Mama Rasto alipofika mbio, kanga imemlegea kiunoni. Hakupiga kelele. Alilishika beseni kwa mikono miwili, akavuta. Felistus naye akavuta. Dagaa zikamwagika matopeni. Kisha Felistus akaachia.

"Tunakwenda ama?" Paddy akauliza.

"Twende," akasema, mikono mitupu.

Pikipiki ikashika njia ya Busia. Mama Rasto akabaki kando ya barabara, beseni kifuani, akihema. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita akachota dagaa kidogo, akazinusa, akauliza bei. Mama Rasto hakuijua.