Taa Iliyotoka Matutani

Nilipokuwa mtoto, mvua ya kwanza ikishanyesha mjini kwetu Kolwezi, kazi yangu ilikuwa kupiga matuta ya viazi nyuma ya nyumba. Sikuipenda hata kidogo. Ilikuwa miaka ile ya Zaïre, nami nilikuwa na miaka kumi, siku jembe langu lilipogonga chuma na uvivu ukaniisha papo hapo. Nilichimbua tumbo la taa, lile la kutilia mafuta, lililoota kutu ya kijani, na kando yake kichwa cha taa chenye kigurudumu cha kupandishia utambi. Nikavisugua kwa majivu, nikavipanga mezani, nikajiona tajiri.

Bibi yangu mzaa mama, tuliyemwita Nkambo, aliingia, akalishika lile tumbo, akaona tundu ubavuni. Akaliweka chini polepole.

"Ile kitu iko ya mufu," alisema. "Bintu ya mufu banatobolaka, mutu asiibebe. Weye umeleta mufu mu nyumba ya mama yako!"

Hakuwa anabuni. Kwao, upande wa Mutshatsha, vyombo vya kuwekwa kaburini vilitobolewa kwanza, vibaki vya mwenyewe. Na Mama alikuwa na mimba ya miezi minane, baada ya kuzika watoto wawili waliozaliwa kabla ya wakati. Nkambo akakata shauri: kesho yake wangepanda treni, Mama akazalie Mutshatsha, mbali na taa ile. Mkunga alikuwa amemkataza Mama kusafiri kabisa, lakini Mama alikwishaanza kukunja nguo. Baba alikuwa zamu kwenye mgodi wa Mashamba, na hata angekuwepo, nani anabishana na mama mkwe wake?

Hofu ya siku ile ninayo hadi leo. Niliona wazi kwamba mtoto akifia njiani, jembe lililomuua ni langu. Nikavifunga vile vipande katika kitenge, nikakimbilia sokoni kwa Tata Amisi, Mwislamu wa kutoka Maniema aliyeuza taa na tambi zake, na kutengeneza zilizoharibika. Alikuwa mtu wa mdomo, lakini akishika chuma alinyamaza.

Alijaribu kufunga kichwa kipya kwenye meno ya mdomo wa tumbo lile, kikakataa kukaza. "Hizi meno iko ya zamani sana, mi sijazaliwa." Kisha akakigeuza kile kichwa nilichofukua, akacheka. "Hii nilikuwa nauzisha mi mwenyewe, mbele ya Indépendance!" Yaani kabla ya uhuru. Ukingo wake ulikuwa umebanwa kwa koleo ili ukubaliane na tumbo lililouzidi umri. Mwishowe akapitisha ukucha kuzunguka lile tundu. Akasimama, akatafuta viatu vyake.

Nyumbani kwetu hakubishana. "Mama," alimwambia Nkambo, "gusa hapa."

Pembeni mwa tundu palikuwa na duara la lehemu, jembamba, la kijivu.

"Ilivuja, bakaiziba, ikafunguka tena. Kichwa nayo balibadirisha. Mama, nani anatengenezaka taa ya mufu?"

Nkambo alivuta kigoda. Aliketi na lile tumbo mapajani, akilipapasa kwa kidole gumba, huku mimi nikiutazama mfuko wa nguo mlangoni. Nilitamani kulia, nikajizuia.

"Rudisha nguo ya mama yako mu kabati," akaniambia.

Mdogo wangu alizaliwa hospitalini mwezi uliofuata, adhuhuri, akipiga kelele kama anadai haki yake. Mama alipomleta nyumbani alikuta Tata Amisi ameshaziba tundu upya. Nkambo mwenyewe ndiye aliyemwomba.

Watu huniuliza kama Nkambo aliiacha imani yake. Hakuiacha, wala simcheki. Alijua kusoma tundu, kama Tata Amisi alivyojua kusoma lehemu, na ninamshukuru kwamba alikubali kugusa kwanza. Akina mama wengi wa kwetu, wenye hofu kama yake, hawakupata mtu wa kuwaonyesha pa kugusa.

Taa ninayo bado. Mdogo wangu, mwenye ndevu sasa, hunitania kwamba nikifa ataitoboa aniwekee kaburini. Namkatalia. Nimemwambia aizike nyuma ya nyumba, nzima, palepale penye viazi. Atakayeifukua ahesabu lehemu mbili, ya wale wa kwanza na ya kwetu, ajue kwamba hapa watu waliishi.