Mabati ya Mama

Nyumba ya mama yangu pale Ikolo ilianguka ukuta mmoja baada ya mwingine, mchana kweupe, sisi tumesimama kwenye tuta la barabara tunaitazama. Mvua ilikuwa imenyesha milimani wiki nzima, mto ukaacha njia yake na kupita katikati ya mpunga hadi mlangoni. Ukuta wa jikoni ulitangulia, kisha wa chumba alichofia baba. Mama hakulia. Aliniuliza tu kama nimeokoa kuku, nikamwambia hapana.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya hapo hapo. Waliopoteza nyumba walihamia madarasani kwetu. Mama alilala darasa la nne pamoja na jirani yake, mjane wa Kikisi aliyeolewa kwetu kutoka Ikombe, kando ya ziwa. Alikuwa mfinyanzi. Maji yalimchukulia nyumba, na vyungu alivyovianika ili avichome vikarudi kuwa matope. Alilisimulia hilo akicheka, kicheko ambacho sikukipenda.

Baadaye wakaja watu wa tathmini na fomu zao.

"Mama, nyumba yako ilikuwa ya tofali za kuchoma?" mmoja akauliza.

"Tofali mbichi."

"Bati au nyasi?"

"Nyasi."

Akaandika, akisoma kwa sauti: "Nyumba ya muda."

"Muda gani?" mama akamuuliza. "Nimezaa watoto sita mle ndani. Wawili nimewazika uani."

"Ni lugha ya fomu tu, mama."

Jirani alipoulizwa kiwanja ni cha nani, alisema cha marehemu mumewe. Karatasi? Hana, ila shemeji zake wanajua. Yule mtu akapiga mstari na kuendelea na anayefuata.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu mkuu alinituma mimi niwaambie watoke madarasani. Alijua anachofanya: mama yangu alikuwemo, hakuna ambaye angesema shule inawaonea. Nilisimama mlangoni nikayasema maneno niliyotumwa, na mama akawa wa kwanza kukunja mkeka wake. Nikamhamishia uani kwangu, chini ya turubai, kwa sababu nilikuwa na chumba kimoja tu cha kupanga, na wanangu watatu. Jirani akajengewa kibanda cha mabua pale nyumba yake iliposimama.

Orodha ya watakaopewa msaada ilipobandikwa ofisi ya kata, niliisoma mara mbili. Wenye nyumba za tofali za kuchoma na bati walikuwemo, hata wale walioangukiwa na upande mmoja. Mwenye duka ambaye kwake kilianguka choo na ukuta wa uani alikuwemo. Waliobaki na matope matupu hawakuwemo hata mmoja.

Ndipo nikaandika barua. Wanawake kumi na mmoja waliweka dole gumba, mama na jirani wakiwa miongoni mwao.

"Andika nyumba yangu ilikuwa na milango miwili," jirani aliniambia. "Wasije wakasema lilikuwa banda."

Nikaandika. Nilienda kata, nikaambiwa niende wilayani. Wilayani nilienda mara nne, hadi nikakaribishwa ndani na afisa mmoja, mwanamke wa makamo aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Aliisoma barua yote. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

"Mwalimu, nakuelewa," alisema. "Lakini tukianza kumpa kila mwenye nyumba ya udongo, tutaishia wapi?"

"Tutaishia kwa yule anayelala nje."

Akatabasamu. "Mama yako naye yumo humu?"

"Yumo."

"Jina lake ni lipi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Nilidhani ananionea huruma.

Lori la mabati na saruji lilipofika uwanja wa shule, majina yalisomwa mbele ya watu wote. Jina la mama likasomwa. Kati ya wale kumi na mmoja, ni lake peke yake. Jirani alimpigia makofi.

"Ndaga fijo," mama akashukuru, kisha akamuuliza msomaji, "Na wenzangu je?"

"Wengine baadaye."

Mama hajui kuandika. Nilisaini mimi. Nimejiambia mara nyingi kwamba alikuwa anakohoa, kwamba turubai lilikuwa limechanika, kwamba kukataa kusingempa mtu mwingine hata bati moja. Yote ni kweli, na hayanisaidii.

Kwa barua ile sikurudi tena wilayani. Kwenda kwangu kulikuwa kumeshapatiwa dawa, yale mabati ya mama, na sote tulilijua hilo, mimi na yule afisa.

Shemeji za jirani walisema kiwanja kisicho na nyumba kinarudi kwa ukoo, wakapanda migomba juu yake. Akaamua kurudi kwao Ikombe. Nilimsindikiza ufukweni, nikamsaidia kupakia sufuria na godoro kwenye mtumbwi.

"Umejitahidi, Mwalimu," aliniambia. "Barua ilikuwa nzuri."

Heri angenitukana.

Mama anakaa kwenye nyumba yake mpya. Analalamika kwamba bati linachoma mchana. Wanawake waliokuwa wakija kupepeta mchele naye siku hizi wanapita na kumsalimia wakiwa barabarani.

Masika iliyopita maji yalikuja tena, safari hii upande wa chini. Nilichukua karatasi na kidau cha wino nikapita nyumba kwa nyumba. Wengi walinikaribisha, wakanipa kiti, wakasema watafikiri. Mmoja ndiye aliyesema wazi.

"Mwalimu, mara ile mama yako alipata bati. Safari hii atapata nani, shangazi yako?"

Nilipata madole mawili. Nikaandika barua kwa majina hayo mawili, nikapanda gari kwenda wilayani, na bado hawajanijibu.