Nani Alikunywa Kwanza?

Saa tisa alasiri, jua la Kasenga, mtaa mmoja wa Uvira, likiwa bado linagonga mabati kama mdai, Herménégilde Ndihokubwayo anaburuta kigoda chake mpaka pembeni mwa duka. Mgongo anauegemeza kwenye magunia ya chumvi. Macho anayaelekeza mlangoni. Hakai kamwe akiupa mlango kisogo, na akiulizwa sababu anajibu kwa swali: "Weye ungekaa?"

Mbele yake amesimama mwenye duka, Manuchehr Golzar, Mwajemi ambaye Kasenga nzima inamwita Muhindi na ambaye amechoka kukataa. Mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo imekuwa matundu. Anasoma mstari kwa Kiajemi, polepole, kisha anausema tena kwa Kiswahili.

"Alifunga mlango."

"Nionyeshe," anasema Herménégilde.

Mwajemi anakwenda kufunga mlango wa duka. Mteja aliyekuwa anakuja kununua sukari anabaki nje na kopo lake.

"Kwa hasira ao kwa huzuni?"

"Kwa woga."

"Basi rudilia. Umeufunga kama muntu anaenda kulala."

Mlango unafungwa tena, safari hii kwa woga. Ndipo Herménégilde analamba ncha ya penseli na kuandika mstari mmoja wa Kiingereza.

Hiyo ndiyo kazi yake ya alasiri. Asubuhi ni karani wa bandari ya Kalundu, anayehesabu marobota ya pamba ya bonde la Ruzizi yakipanda meli, na hapo hakuna anayemtilia shaka. Alasiri anageuza mashairi mapya ya Kiajemi kuwa Kiingereza, na hapo kila mtu anamtilia shaka, kuanzia polisi hadi mama mkwe wake.

Mashairi hayo ni ya Behruz, mdogo wake Manuchehr. Behruz hajafikisha miaka thelathini na yuko gerezani Tehran tangu mwaka juzi. Binamu yao alifika Usumbura mwaka huu, 1956, akiwa ameyashonea ndani ya bitana ya koti. Jarida moja la mashairi la Kiingereza, huko Nairobi, limekubali kuyaangalia.

"Muntu akiwa gerezani na hakuna anayemujua, wanaweza kumusahau humo," anasema Manuchehr. "Wazungu wakisoma jina lake, pengine mlinzi wa gereza ataogopa kidogo. Minye sina kitu kingine cha kumutumia."

Shida ni kwamba Manuchehr hajui Kiingereza. Herménégilde naye hajui hata neno moja la Kiajemi. Kiingereza alikiokota Kigoma akiwa kijana, kwenye ofisi ya gari-moshi, alikofanya kazi miaka sita kabla ya kurudi ng'ambo hii ya ziwa kuoa. Kati ya wawili hawa kuna Kiswahili tu, nacho ni cha Uvira, kilichozoea zaidi bei ya samaki kuliko mambo ya mvua na madirisha.

Kwa hiyo kila mmoja anamchunga mwenzake kama paka wawili kwenye samaki mmoja wa ndagala. Herménégilde anataka aonyeshwe kila jambo kwa vitendo, asije akauziwa maneno yasiyo kwenye karatasi. Manuchehr naye, kila shairi likiisha, anasema, "Nirudishie." Hapo karani humwambia kwa Kiswahili kile alichoandika kwa Kiingereza, mstari kwa mstari, na Mwajemi husikiliza uso ukiwa mkavu kama anapimiwa kitambaa.

Anayewachunga wote wawili ni Kaporali Rémy, polisi wa mtaa. Kaporali huyo hununua kiberiti kila alasiri. Majirani wanahesabu kwamba kwa viberiti hivyo nyumba yake ingekuwa imeungua mara kadhaa.

Siku moja aliomba kusomewa. Herménégilde akamsomea kwa Kiswahili shairi la mvua inayogonga dirisha.

"Mvua gani?" akauliza Kaporali.

"Mvua tu, Kaporali."

"Dirisha ya nani?"

"Haisemi."

"Na nani iko naitikia?"

"Hakuna anayeitikia. Ni shairi la muntu mumoja."

Kaporali akavuta kofia yake nyekundu mpaka kwenye nyusi. "Wimbo bila mwitikio haiko wimbo, rafiki. Ile ni agizo." Akachukua kiberiti chake akaondoka.

Lakini ugomvi uliokaribia kuua kazi yote haukuletwa na polisi. Uliletwa na kikombe cha chai.

Shairi refu kuliko yote linasimulia jioni Behruz alipokamatwa. Rafiki yake wa utotoni alimwita nyumbani kwake. Rafiki akafunga mlango, akamimina chai, akanywa kwanza, halafu akammiminia Behruz. Kikombe kilikuwa bado cha moto askari walipobisha.

Kama kawaida, Herménégilde alitaka kuonyeshwa. Manuchehr akamimina, akanywa, akamimina tena. Karani akaafiki kwa kichwa, akaandika bila kusita.

Hakusita kwa sababu mtu yeyote wa bonde la Ruzizi angeelewa hapo hapo. Kwao mwenye nyumba huonja kwanza. Pombe iwe, maziwa yawe, hukipeleki kinywaji kwenye midomo ya mgeni kabla ya wewe mwenyewe kukimeza mbele ya macho yake, aone kwamba hakina sumu. Asiyeonja ana jambo. Basi karani akaandika, na kwa wema wake akaongeza maneno machache: rafiki alikunywa kwanza ili mimi ninywe bila hofu.

Jumatano moja, meli ya Kigoma ikiwa inaondoka Jumamosi, Manuchehr akasema, "Nirudishie."

Herménégilde akamrudishia. Alipofika kwenye kikombe, Mwajemi akaweka chini mkasi wa vitambaa.

"Hofu umeitoa wapi?"

"Iko ndani ya shairi."

"Haiko! Ndugu yangu hakuandika hofu."

"Sasa juu ya nini yule rafiki aonje, kama si kumutoa mwenzake hofu ya sumu?"

"Sumu? Nani ametaja sumu? Nani amekutuma uweke sumu kwa shairi ya Behruz? Ni Rémy?"

"Angalia, Bwana Manuchehr. Minye siko muntu wa Rémy."

Mwajemi hakubishana zaidi. Akamimina chai kikombe kimoja, akainywa polepole mbele ya karani hadi tone la mwisho, akimkazia macho. Kisha akakijaza tena na kukisukuma kwenye kaunta, akingoja aone hasira.

Herménégilde akakipokea kwa mikono miwili. "Aksanti sana," akasema, akanywa.

Manuchehr akadhani anachezewa. Akamnyang'anya karatasi za Kiingereza, akamfungulia mlango. Siku hiyo Kaporali Rémy alikosa hata kiberiti, maana duka lilifungwa jua likiwa kali.

"Nilisema, huyu anaficha kitu," Herménégilde anakumbuka. "Nilijiuliza, pengine hata ndugu hana. Pengine hayo maandishi ya kuanzia kulia ni mambo yatakayotufikisha mbele ya Bwana Administrateur wa serikali, na jina langu ndilo litakalokuwa chini."

Upande wa pili, kule Kasenga, Manuchehr alikuwa na yake. "Nilisema amenunuliwa. Wamemwambia ageuze msaliti awe rafiki mwema, Behruz aonekane anamushukuru aliyemuuza. Shairi ikienda hivyo, heri isiende."

Aliyechoka na wote wawili ni Gloriose, mke wa Herménégilde. Ijumaa alikamua ndizi, akatengeneza mutobe, juisi tamu isiyo pombe kwa kuwa alijua Mwajemi hagusi pombe, akatuma salamu dukani: Papa Manuchehr aje kwao mtaa wa Songo, anywe, waongee kama watu.

Manuchehr alikuja. Anakiri kwamba hakuja kwa upendo. Alikuja kuona kama Kaporali angekuwa amekaa humo ndani.

Gloriose akaingia na kikombe cha bati kilichojaa. Akapiga magoti kwa heshima mbele ya mgeni. Akanywa funda kubwa. Akafuta ukingo kwa kiganja, akakinyoosha kwa mikono miwili.

Mwajemi akasimama, uso umekunjamana.

"Hata mke wako?" akamwambia Herménégilde. "Umemufundisha hata mke wako anitukane?"

"Nimekutukana?" Gloriose bado yuko magotini, kikombe kiko hewani. "Papa, nimekuonjea! Weye ulitaka nikupe hivi hivi, kama muntu nataka kukuzika? Baba Anne, huyu muntu iko na nini?"

Mumewe alikuwa anamtazama Manuchehr, na Manuchehr anakitazama kikombe.

"Bwana Manuchehr," akasema taratibu. "Kwenu, mwenye nyumba akikunywa mbele ya mugeni..."

"Amemufukuza." Mwajemi akakaa. "Kwetu hata adui akivuka mlango anakunywa kwanza. Mwenyeji atakufa kiu, atangoja. Yule rafiki alikuwa anajua desturi kuliko sisi wote. Alikunywa kwanza kwa sababu Behruz hakuwa tena mugeni wake. Alikuwa amekwisha kumuhesabu na wafu."

Gloriose akakiweka kikombe chini, katikati, pasipo upande wa mtu.

"Na minye nimemufanya yule rafiki muntu wa huruma," akasema Herménégilde. "Behruz angesoma gerezani kwamba amemushukuru aliyemuuza."

Manuchehr akatoa karatasi kwenye koti. Alikuwa anatembea nazo. Yale maneno ya hofu yakakatwa hapo hapo. Lakini ukazuka ubishi mwingine, kwa maana hawa wawili hawajui kukaa bila huo.

"Acha hivyo sasa," akasema Mwajemi. "Alikunywa kwanza, basi."

"Waingereza watapita hapo kama mbuzi wanapita kanisani. Kule Kigoma niliwaona, kila muntu anakunywa wakati anataka. Hakuna atakayeshituka."

"Usiongeze kitu. Uliongeza, ukaona."

"Safari hii usinionyeshe weye. Nitakuonyesha minye."

Herménégilde akaondoka kwenye kigoda chake, akakaa kitako mkekani mbele ya Manuchehr, magoti yakikaribia kugusana. Akachukua kikombe. Akakiinua bila kumwangalia mtu aliye mbele yake, macho yakipita juu ya bega la Mwajemi hadi ukutani, kana kwamba mkeka ule hauna mgeni. Akanywa. Akanywa tena, kwa raha ya mtu aliye peke yake nyumbani kwake. Kisha akakiweka chini.

"Alikunywa kana kwamba hakuna aliyeingia," akasema. "Hivyo?"

Manuchehr alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati, akisingizia moshi, na jiko lenyewe lilikuwa nje.

"Behruz hakuandika hayo," akasema mwishowe. Kisha: "Andika."

Jumamosi bahasha ilipanda meli. Herménégilde mwenyewe aliisindikiza mpaka kwenye mfuko wa posta, akasimama gatini hadi kamba zikafunguliwa, asije mtu akaishusha. Jibu la Nairobi halijafika. Malipo hayapo wala hayakuahidiwa. Gloriose anasema mumewe ndiye mtu pekee wa Uvira anayeshukiwa bure.

Kazi inaendelea alasiri zote. Chai ndiyo iliyopata sheria mpya. Manuchehr hawezi kunywa kabla ya mgeni wake. Herménégilde, kwa malezi yake, hawezi kunywa kabla ya mwenyeji kuonja. Siku za kwanza chai ilipoa kwenye kaunta hadi nzi wakakata tamaa. Sasa wanainua vikombe pamoja, wanatazamana, na kunywa kwa wakati mmoja.

Kaporali Rémy aliwaona wakifanya hivyo wiki iliyopita akiwa mlangoni.

"Nani ametoa amri?" akauliza.

Akanunua viberiti viwili.

Herménégilde ana mpango. Akimaliza mashairi yaliyobaki, anataka yatoke kitabu kizima, na Behruz akifunguliwa apite Uvira walau siku moja. Kikombe cha kumpokea ameshakichagua.

"Nitakijaza mpaka juu, nimupe mukononi, minye nisiguse hata tone."

Gloriose, anayepepeta mchele pembeni, anaguna. "Baba Anne, majirani watakuona. Songo yote itasema umemutilia sumu mutoto wa watu."

"Waseme," anajibu Herménégilde, macho yake mlangoni. "Yeye peke yake atajua kwamba amefika."