Jina Ambalo Mkwe Wangu Hakulitaja

Mimi shule niliishia darasa la nne, na sioni aibu kusema hivyo, maana waliosoma mpaka juu wamekuja kunifanyia vibarua kwenye shamba langu la zabibu hapa Hombolo. Kusoma najua. Nasoma taratibu, kwa kidole, lakini ukurasa nikiumaliza nimeumaliza kweli. Kwa hiyo mkwe wangu, mke wa mwanangu, mwalimu wa sekondari huko mjini, aliponiambia kwamba ameandika riwaya na inakaribia kuchapishwa, sikutishika. Nilimpongeza, nikamuuliza inaitwaje.

Akainamisha kichwa. "Nimeipa jina la mtu, Baba. La mhusika mkuu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, Baba." Akainuka akaenda jikoni.

Hapo ndipo shaka iliponiingia. Kwetu mke wa mwanao hakutaji jina. Huyu wangu amesoma chuo kikuu, lakini desturi hiyo anaishika kuliko wasichana waliokulia hapa kijijini. Kuna jirani mwenye jina kama langu. Tangu aolewe, mkwe wangu anamwita "yule wa nyumba ya bati jekundu", na jirani mwenyewe ameshazoea, anaitika. Sasa mtu ameandika kitabu kizima kwa mkono wake, halafu mbele yangu anashindwa kukitaja. Ungefikiri nini? Mimi nilifikiri jambo moja tu. Jina ni langu.

Mwingine angefurahi. Mimi nilikosa raha, na sababu ninayo. Hombolo nzima inajua habari yangu: nilivyokuja na jembe moja, nikasafisha pori la miiba, nikapanda mizabibu wakati wenzangu wanapanda uwele na kunicheka. Nimeisimulia kwenye mikutano ya wakulima. Nimeisimulia kwa wageni wanaoletwa kutazama shamba, na kwenye harusi ya mwanangu huyohuyo niliisimulia mpaka mshereheshaji akaninyang'anya kipaza sauti. Ni habari nzuri na karibu yote ni kweli. Lakini ina mahali pamoja ambapo huwa napita haraka. Na likizo iliyopita mkwe wangu alikuwa anakwenda kukaa na dada yangu mkubwa mchana kutwa, daftari mapajani. Dada yangu hasahau kitu, na akishaanza kusema hana breki.

Nilimchokonoa mtani wangu, mnunuzi wa zabibu kutoka Iringa ambaye tumefanya naye kazi miaka mingi. Nikamuuliza, kwa juujuu, kama ni jambo zuri kukipa kitabu jina la mtu.

"Inategemea mtu," akasema. "Cha kwako watakiweka uvunguni mwa meza, kisifukuze wateja."

Nikamwambia sikusema habari za kwangu.

"Ninyi Wagogo nawajua. Mkiandikwa mnanuna, msipoandikwa mnakuja kuomba muandikwe."

Sikupata msaada hapo. Nikaingia chumba alichokuwa akilala mwanangu, ambako vitabu vyake vya shule bado viko rafuni, nikavitazama migongo. Vingi majina yake yanakuambia kitu: safari, mateso, nyumba, njia. Unajua unaingia wapi. Jina la mtu halikuambii chochote. Ni kama gunia lililoandikwa jina la mkulima, hujui ndani kuna mtama au pumba. Tena ni hatari. Kitabu kikiitwa Safari, msomaji anatembea na wewe. Kikiitwa jina lako, anakutafuta tangu mstari wa kwanza kama askari anavyotafuta mtu kwenye basi, na akikupata hakuachii mpaka mwisho. Nikajiambia, huo si uandishi, huo ni umbea wenye jalada.

Wakati wa kupogolea mizabibu mkwe wangu akaja kusaidia, kama kawaida yake. Simu yake ikalia, akasogea mstari wa pili akidhani sisikii. Mimi masikio yangu ni mazima. Alikuwa anaongea na mchapishaji, na nilivyoelewa, wanabishana juu ya jina. Mkwe wangu akasema: "Najua mnaona jina la mtu halivuti wasomaji. Lakini nikilibadilisha, nitakuwa nimemficha tena."

Tena. Neno hilo nilitembea nalo siku nzima. Nani alifichwa mara ya kwanza, na nani alimficha? Nikawa na hakika kwamba dada amemwaga yote, na kwamba mimi nimewekwa juu ya jalada ili nivuliwe nguo.

Jioni ile nikamwita kwenye kibanda tunachochambulia zabibu, nikamwambia alete hicho kitabu. Hakubisha. Kumbe amekuwa akikibeba kwenye mkoba kila anapokuja, anatafuta ujasiri. Ilikuwa nakala ya majaribio kutoka kwa mchapishaji. Akapiga magoti, akanipa kwa mikono miwili, jalada likiwa limetazama chini. Nikavaa miwani, nikakigeuza, nikaweka kidole.

Halikuwa jina langu. Lilikuwa la marehemu mke wangu.

Nimezaliwa katika desturi hiyo na bado ilinipita. Mkwe hamtaji baba mkwe, na mama mkwe pia hamtaji, awe hai au amekufa. Huyu aliolewa humu baada ya mke wangu kuzikwa, hawakuonana hata siku moja. Miaka yote hiyo jina lililokwepwa nyumbani lilikuwa langu, nikajiona ni mimi peke yangu mwenye jina.

Kwanza nilipumua. Halafu nikakasirika. "Na mimi niko wapi?"

"Upo, Baba. Karibu kila ukurasa."

"Naitwa nani humo?"

"Unaitwa mume. Ningekuandikaje jina?"

"Dada yangu amekuambia habari ya kung'oa?"

Akatazama chini. "Ameniambia, Baba."

Basi niseme na mimi. Vipandikizi vya kwanza vya zabibu alivileta mke wangu kutoka kwao Mvumi, amevifunga kwenye kanga iliyoloweshwa maji. Alivipanda nikiwa nimesafiri. Niliporudi nikasema ardhi hii ni ya uwele, nikaving'oa vyote nikavirusha kwenye ua wa miiba. Hakugombana. Aliviokota vilivyobaki na uhai akavipanda nyuma ya nyumba, mahali maji ya kuogea yanapomwagika, na huko ndiko nilikokuja kukata matawi ya kupanda shamba zima, baada ya kuona vimezaa. Mimi nimekuwa nikisema "nilipanda". Pale ndipo ninapopita haraka.

Mkwe wangu akasema polepole, "Ukikataa, Baba, jina nitabadilisha. Mchapishaji anataka Shamba la Zabibu. Ila ya ndani nitayaacha yalivyo."

Sitadanganya, nilishawishika. Shamba la Zabibu ni jina zuri. Watu wangekiona dukani wakasema, hiki ni cha yule mzee wa Hombolo, na wangapi wangefika mpaka ukurasa wa kung'oa? Ningekibeba kwenye mikutano. Jalada lingeendelea kunisemea, kama nilivyojisemea mwenyewe miaka yote. Lakini jina la mtu haligawanyiki. Likishakaa pale juu, mwingine yeyote aliye ndani ni mgeni wake, hata akiwa kila ukurasa. Hilo nililielewa nikiwa na kidole changu juu ya herufi zile, na sikulipenda.

Nikamuuliza, "Siku ya kukizindua watu wakitaka kujua kinaitwaje, utawaambia kinaitwa Mtu Tu?"

Akacheka kidogo, akaziba mdomo. Akasema hilo nalo lilikuwa linamsumbua. Mume wake naye hawezi kumtaja mama yake mbele za watu. Lazima jina alitaje mtu mwingine wa nyumba hii.

Mimi nilikuwa namwita mama watoto. Tangu tuzike, jina lenyewe sikuwa nimelitoa mdomoni. Nikalitaja pale kibandani, na lilitoka kwa nguvu kuliko nilivyotaka, kama mtu anayeita mwenzake aliye mwisho wa shamba. Kisha nikamwambia aliache lilivyo.

Nakala ile nimebaki nayo. Nimefika ukurasa wa arobaini, bado sijafika pa kung'oa. Huyo "mume" mpaka sasa ameandikwa kwa upole, na upole huo siuamini hata kidogo. Nasoma kila mstari mara mbili.

Jana mtani wangu alikikuta mezani, akasoma jalada. Amekula ugali wa mke wangu miaka mingi, lakini alimjua kwa jina la mtoto wetu tu. Akauliza huyu ni nani.

Nikamwambia, ndiye aliyepanda.

Hakutania.