Zimwi Lililovaa Viatu

Enzi zetu pale Gulwe hatukuwa na televisheni, tulikuwa na zimwi. Jua likianza kuinamia milima, miguu imejaa vumbi hadi magotini na matumbo yameshiba ugali wa uwele na mlenda, tulicheza zimwi mpaka sauti zikatukauka. Watoto wa siku hizi intaneti ikikatika kidogo tu wanaita mama. Sisi tulijificha nyuma ya zizi, tukavumilia harufu.

Zimwi letu lilikuwa na masharti. Anayekuwa zimwi avae viatu, hata kama ni vya baba vinavyompwaya. Apige mluzi akija. Abebe kuku kwapani, na kuku akikosekana, kanga iliyoviringishwa. Kisha aulize kwa upole, "Baba yenu yuko wapi?" Ukijibu, umeliwa. Ukicheka, umeliwa pia.

Mimi niliyekuwa na maswali mengi kuliko meno, siku moja nilimfuata Bibi akipepeta uwele.

"Bibi, zimwi gani linavaa viatu? Na kama linakula watu, kuku wa nini?"

"Mume wangu, wewe ukioa, mkeo atakimbia maswali," alisema, akicheka hadi ungo ukatikisika. Lakini alinijibu.

Zimwi alilirithi kwa mama yake, aliyekuwa mtoto wa kama miaka minne wakati wa Mdachi. Vita ilipoanza, askari walipita vijijini kukamata wanaume wa kubeba mizigo. Walivaa viatu mahali ambapo kila mtu alitembea peku, na njiani walipiga mluzi na kujichukulia kuku. Baba wa yule mtoto alijificha ndani ya kilindo, lile pipa kubwa la magome la kuwekea nafaka. Lakini siri hiyo ingekaaje kwa mtoto anayeropoka kila kitu? Wazazi wakamsimulia zimwi: viatu, mluzi, kuku kwapani. Usilijibu neno.

Likaja kweli. Likachuchumaa, likatabasamu, likampa kipande cha sukari. "Baba yuko wapi, binti?" Akatazama viatu. Akamtazama kuku. Akabana midomo, sukari ikiyeyuka humo humo. Nyumba ya jirani mtoto alinyoosha kidole; baba yake alipelekwa na mizigo, hakurudi.

"Kwa nini hawakumwambia ukweli?" niliuliza.

"Mtoto mdogo vile utamwambia nini, habari za vita ya Wazungu? Mwambie zimwi, ataelewa."

Nimesoma chuo kikuu, nimebishana na wahadhiri na hata na padri wetu, ila kwa Bibi hapo sijapata la kubisha.

Juzi nilimkuta mpwa wangu Chilewa kajikunja kwenye kochi, anacheza gemu kwenye simu huku akiongea na mtu. "Hapana, mama yuko kazini. Ndiyo, niko peke yangu." Nikamnyang'anya.

"Anko! Huyo rafiki yangu!"

"Umewahi kumwona?"

"Hajaweka picha. Ila ni mpole, ananipa sarafu za gemu."

Nilikumbuka kile kipande cha sukari. Nikakaa karibu naye, mimi nisiyeamini chochote, nikajisikia naanza: "Sikiliza. Lipo zimwi moja..."

Akaweka mto kando, macho yamemtoka. "Linafananaje?"

Hapo nikakwama. Zimwi la Bibi angalau lilivaa viatu, ulilisikia likija.