Vidonge vya Moyo Ndani ya Kikopo cha Ugoro

Ningependa kunyamaza, maana aibu ukiinyamazia watu husahau, lakini watu wa kijiji cha Ipole hawasahau kitu, na madereva wa malori ya tumbaku wameisambaza habari yangu mpaka Usinge, kiasi kwamba nilishuka garini huko mtu nisiyemjua akaniuliza, "Wewe ndiye yule wa kikopo?" Basi afadhali msikie kutoka kwangu, pamoja na hasira zangu zote, kuliko kusikia kwa watu wanaoanza kucheka kabla hawajafika katikati.

Mnanijua, mimi sikai mahali. Nilimaliza sekondari Tabora nikiwa na kalamu mfukoni, watu wakadhani nitakuwa karani, mimi nikaenda kukata mkonge Kimamba, nikatoka huko nikapanga mataruma ya reli Malagarasi, nikauza chumvi ya Uvinza, kisha nikakaa Ujiji bila sababu yoyote ila kwamba babu yangu alikuwa akiitaja. (Babu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu za watu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo kwa miguu, na vituo alivyopumzika vingi nimevipita; vingine siku hizi ni vichaka vitupu, watu wamehamia vijiji vya ujamaa, na roho huniuma kama vile ni mimi niliyehamishwa.) Nilipovuka miaka arobaini nikachoka. Nikasema sasa nitaoa, nitulie. Ndipo moyo wangu nao ukaamua kuanza safari zake.

Ulinianzia stesheni ya Tabora, nimebeba sanduku langu tu, kifuani pakaanza kurukaruka kama ndege aliyenaswa ndani ya debe, pumzi ikakatika, nikakaa juu ya sanduku abiria wakinizunguka na kuniambia ni njaa. Hospitali daktari alinishika mkono akahesabu mapigo, akaacha, akahesabu tena, akakunja uso. Wakanifunga nyaya, mashine ikatoa karatasi yenye mistari iliyoandikwa kama na mlevi. Akanieleza kwa upole kwamba moyo una vyumba vinne, na vile viwili vya juu vya kwangu badala ya kupiga vinatetemeka tu, na damu ikizubaa huko juu inaweza kuganda, bonge likakimbilia kichwani, nikapooza upande mmoja. Akanipa vidonge. "Hivi vinapunguza mbio za moyo," akasema. "Kimoja kila asubuhi. Usiache, na usizidishe, maana vikizidi ni sumu, na mtu asiyeumwa asiviguse kabisa. Chumvi punguza, pombe acha, tumbaku acha, kahawa kidogo sana, kula mboga na matunda. Isipotosha, tutakupeleka Dar es Salaam wakaugutushe moyo kwa umeme."

Laiti ningeishia kwa daktari! Lakini ukiumwa nchi hii kila mtu ana dawa yako. Mwenye nyumba wangu pale mjini akaniletea habasoda, akasimama mlangoni mpaka nimeze. Muuza duka akaniuzia chupa ya mafuta ya samaki (nikawa nacheua kama bandari), fundi cherehani akaniambia vitunguu saumu, nikala vitunguu saumu mpaka abiria wakawa wananiachia kiti kizima. Na shangazi yangu Nyanzala, aliyeko Ipole, akanichemshia mizizi ambayo hata yeye hakujua jina lake. Niliporudi kwa daktari kumweleza, akavua miwani. "Mafuta ya samaki hayatakudhuru wala hayatakuponya. Lakini mizizi usiyoijua juu ya vidonge vyangu, ndugu yangu, unataka nikuzike?" Shangazi alipoelezwa hayo alinuna. "Haya, kufa na daktari wako."

Sasa huko Ipole kwa shangazi ndiko nilikomwona Kalunde. Alikuwa mjane, anafanya kazi ya kuchambua tumbaku kwenye banda la kijiji, mwanamke wa kutembea haraka na kucheka kwa sauti, na aliponiuliza swali alisubiri jibu. Nilimwambia habari za Ujiji, za reli, za vituo vya babu, akasikiliza, kisha akaniuliza, "Na umechoka kweli, au unapumzika tu?" Nikamwambia nimechoka kweli. Akasema, basi nenda kwa baba mkubwa.

Baba mkubwa wake alikuwa Mzee Nkwabi. Shangazi akakubali kuniongoza posani, na njiani akaninong'oneza, "Habari ya moyo usiiseme. Mzee ameshasema hatoi binti kwa mgonjwa mara ya pili, mume wa kwanza alikufa kitandani. Ukishaoa utasema." Nikakubali. Hapo sina wa kumlaumu. Lakini vidonge daktari alisema nisiviache nyuma nikitoka nyumbani, na vilikuwa vimefungwa kwenye karatasi ya hospitali yenye jina langu, ikichungulia mfukoni mwa koti. Nikafikiri kidogo, nikachukua kikopo cha ugoro cha marehemu mume wa shangazi, nikakisuuza, nikavitia humo. Nani atamshangaa Mnyamwezi mwenye kikopo cha ugoro?

Nani, kweli! Nilikwenda na kikopo cha ugoro mbele ya mzee wa Kinyamwezi, mvutaji ugoro tangu ujana, na mimi nina elimu ya sekondari.

Tulifika jioni watu wametoka shamba la kijiji, na kwa kuwa nyumba siku hizi zimepangwa mstari mmoja, mlango kwa mlango, posa yangu ilikuwa mkutano wa hadhara. Tukakaribishwa uani. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu, karibu." Mambo yakaenda vizuri. Mzee akaniuliza ukoo, nikamweleza. Akaniuliza kazi, shangazi akamjibu kwa ajili yangu, haraka. Kalunde alikuwa mlangoni anasikiliza. Nikainama kupokea kata ya maji, koti likafunguka, kikopo kikaonekana.

Uso wa mzee ukang'aa. "Ah! Mkwe wangu anatumia! Hebu lete, wa kwangu umeisha tangu juzi."

Ninyi mnajua. Mzee hanyimwi ugoro. Hata adui yako ukimkuta njiani akakunyooshea kiganja unampa. Nikasema, "Baba, huu... huu umeharibika." Akasema hata ulioharibika ataunusa. Nikasema ni mkali sana. Akacheka, akasema yeye alikuwa akinusa ugoro mkali kabla mimi sijazaliwa. Akanyoosha kiganja. Nikafunika mfuko kwa mkono wangu.

Shangazi akatazama chini. Mzee akakirudisha kiganja chake polepole mno, akakiweka gotini.

Na hapo hapo, kana kwamba aliitwa, akatokea Pazi. Pazi ni bwana shamba wa pale, anafundisha watu kupanda tumbaku kwa mistari, na ni Mzaramo, na Wazaramo na sisi ni watani tangu enzi za misafara, wakati babu zetu walipokuwa wakiishiwa posho na kuingia kwenye mihogo yao. Mtani akikuchukulia kitu huna ruhusa ya kukidai, akikutukana hununi, na ukikasirika umejiaibisha wewe, siyo yeye. Ndiyo mila, na siku nyingine naipenda.

"Mnyamwezi anamnyima mkwe ugoro!" akapiga kelele mpaka nyumba ya mwisho ikasikia. "Jamani njooni! Babu zake walikula muhogo wetu hawajalipa, na yeye leo ananyima tumbaku katika nchi ya tumbaku! Vua koti, hilo sasa ni rehani!" Akanivua koti kweli, nikiwa bado nimelishika kwa mkono mmoja, tukawa tunavutana mbele ya wakwe kama watoto wanaogombea mua, mkono wa koti ukachanika, watu wakaangua kicheko. Akatoa kikopo. Akakifungua. Akatazama ndani, akatazama tena, kisha akaniangalia mimi kwa furaha ambayo sitaisahau.

"Vidonge! Bwana harusi amekuja na vidonge! Dada Kalunde, huyu hajiamini, amekuja na nguvu za dukani!"

Wanawake wakajifunika nyuso kwa kanga. Vijana wakapiga miluzi. Nikasema, "Pazi, nirudishie." Nilisema kwa utulivu, nakumbuka, kwa sababu tayari nilikuwa nasikia kule kifuani mambo yanaanza.

"Ngoja kwanza nione vinafanyaje kazi," akasema, na akamimina kiganjani vidonge vingi, akafungua mdomo, akakirudisha kichwa nyuma.

Mniambie mngefanya nini. Ningenyamaza, mchezo ungepita, ningeoa. Na Pazi labda angekufa pale pale.

"Usimeze, mpumbavu wewe!" nikapiga kelele. "Ni vya moyo! Mimi ni mgonjwa wa moyo! Vitakuua!" Nikampiga mkono kwa nguvu zangu zote.

Vidonge vikaruka, vikatawanyika vumbini. Na uani kulikuwa na kuku. Nikapiga magoti nikaanza kuviokota, najua dawa nyingine ni mpaka Tabora, kuku nao wanaokota wanadhani ni mtama, na jogoo mmoja mwekundu akadonoa viwili akakimbia, na mimi (mtu mzima, niliyekuja kuposa, shati limetoka nje) nikamkimbilia jogoo wa baba mkwe kuzunguka banda huku nikimtukana Pazi, namtukana baba yake, naitukana hata Bagamoyo, matusi ya kweli siyo ya utani, na hakuna aliyekuwa anacheka tena. Mzunguko wa pili miguu ikaisha. Kifua kikawa hakina mpango wowote. Nikaanguka.

Nilikuwa chali, natazama mbingu, sijui kama napumua, na nikamsikia Mzee Nkwabi akisema kwa sauti ya baraza, "Amemkasirikia mtani wake hadharani. Faini yake ni kuku." Faini! Nakufa, na natozwa kuku! Nikijaribu kusema, maneno hayatoki, na hasira niliyokuwa nayo ndiyo, nadhani, iliyonizuia kufa.

Aliyeniinua ni Pazi. Lori la tumbaku lilikuwa linapakia mbele ya ghala, na zahanati haikuwa na kitu cha kunisaidia, basi akanitupa mgongoni akakimbia, anahema, analia kabisa, machozi yananidondokea mkononi, na hata hivyo hakuweza kujizuia. "Babu zenu walibeba mizigo ya watu mpaka kwetu," akasema, "leo Mzaramo anambeba Mnyamwezi. Mungu mkubwa." Ilikuwa ni utani mzuri sana. Nilishindwa kucheka, na hilo pia sijamsamehe.

Kalunde alipanda nami. Hakumwomba mtu ruhusa. Tulikaa juu ya marobota ya tumbaku njia nzima hadi Tabora, kichwa changu mapajani mwake, na kila gari liliporuka shimo alinishika bega. Mimi kwa ujinga wangu nikaona nimekubaliwa, nikawa naomba njia isiishe, hata pumzi ilipokuwa ndogo.

Hospitali walinichoma sindano, wakaniwekea hewa, mapigo yakashuka. Asubuhi alikuja kando ya kitanda amevaa viatu tayari.

"Lori linarudi," akasema.

"Kalunde, nilikuwa nitakwambia."

"Lini?"

Alisubiri jibu, kama kawaida yake, na mimi nikawa navutavuta shuka.

"Mume wangu aliumwa muda mrefu," akasema. "Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza usiku na mchana. Kuuguza sikuogopi, najua. Lakini yeye aliniambia siku ya kwanza alipojisikia vibaya. Wewe ungenifanya nije kuamka siku moja nina maiti pembeni na sijui hata alikuwa anaumwa nini." Akaiweka vizuri shuka yangu. "Baba mkubwa angekataa, kweli. Mimi ningemshinda. Hukuniuliza." Akaondoka. Nikasikia viatu vyake ukumbini, haraka haraka, kisha sikusikia tena.

Baadaye walinipeleka Dar es Salaam kwa treni, wakanilaza usingizi, wakaugutusha moyo kwa umeme, nikaamka nimeunguzwa ngozi ya kifua na mapigo yamenyooka kama askari wa gwaride. Yalinyooka kwa muda. Kisha yakarudia ukorofi wake, nami nikarudia vidonge, na ndivyo ninavyoishi hadi sasa, na ninaishi vizuri tu, asanteni, msiniletee mizizi. Nimekasirika bado. Namkasirikia shangazi kwa ushauri wake, namkasirikia mzee kwa kiganja chake, Pazi kwa kelele zake, na yule jogoo (ambaye, naambiwa, alipona). Lakini nikimaliza kuwahesabu hao wote, hasira inabaki na bado inatafuta mtu.

Basi nimeapa: siuingii ua wa mtu tena na ugonjwa mfukoni. Nasema mwanzoni, kabla ya maji, kabla ya kiti. Nilipofika Usinge, mama mmoja aliyekuwa akianika muhogo mbele ya nyumba yake alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za safari. Nikamwambia nina ugonjwa wa moyo, unapiga ovyo, natumia vidonge, naweza kuanguka.

Akaniangalia juu mpaka chini. "Baba, mimi nimeuliza habari za safari."

Nikamwambia nimemsikia, nitafika huko.